Jirani Mwekundu

Huku Sanetti maji hulala mawe.
Ukitoka alfajiri na ndoo, unavunja kwanza,
ndipo unateka.
Na kabla hujamaliza kupuliza vidole
wao wameshaamka: wekundu, miguu mirefu,
koo jeupe kana kwamba wamelamba maziwa
wakasahau kujifuta.

Hawana pango. Usiku kucha
walijikunja juu ya nyasi, peupe,
mkia umefunika pua,
jalidi imewatia mvi migongoni.
Wa kwanza hujinyoosha, hupiga chafya.
Kisha salamu, na salamu zao si za mpita njia:
wanarukiana, wanalambana midomo,
wadogo wanajilaza chali mbele ya mama mkubwa,
utadhani wametengana mwaka mzima
kumbe walilala ubavu kwa ubavu.

Baadaye huzunguka mpaka wao
wakiandika kwa mkojo, jiwe kwa jiwe,
hati ya ardhi
ambayo hakuna karani wa Goba aliyeigonga muhuri.

Jua likipanda, kila mmoja hushika njia yake.
Mgeni wa kutoka Ufini aliniuliza: "Kundi liko wapi?
Mbwa mwitu wa kwetu huungana
wakaangusha kulungu mkubwa kama ng'ombe."
Nikamwambia, bwana, windo la hapa ni fuko.
Fuko mmoja hagawanyiki kwa kumi.
Mwindaji husimama juu ya tundu, kichwa upande,
kama mdai aliyetega sikio mlangoni kwa mdaiwa.
Halafu pua chini, udongo juu.

Pengine hupita katikati ya ng'ombe wangu,
maana fuko amezoea kwato, hazimtishi.
Bibi yangu Shamsiya alimwita jeedala fardaa,
mbweha wa farasi,
kwa kuwa humfuata farasi jike mwenye mimba
akingojea kondo la nyuma.
"Hamfuati kwa ubaya," alisema. "Ana miadi."
Katika umri wangu wote ameniibia kondoo mmoja,
naye alikuwa kiguru.

Basi ubaya ulitoka wapi?
Ulitoka kwangu.
Nilikuwa na mbwa, Buchi, mlinzi hasa.
Mwezi wa mvua akaanza kung'ata hewa.
Akakiogopa kijito alichozaliwa kando yake.
Nikamfunga kamba, akaitafuna kamba.
Siku tatu alizurura bondeni na mate yake,
na wale, mgeni akiingia mpakani,
hawamtazami kwa mbali. Humwendea.
Wiki chache baadaye nikamkuta wa kwanza
amelala, na mkia haukufunika pua.

Walikuwa kumi na watatu upande huu wa ziwa.
Wakabaki wanne.
Daktari Tewabech hakunilaumu, aliandika tu.
Afadhali angenilaumu.

Siku hizi usiku natandika farasi,
mfukoni nyama ya mbuzi, ndani ya nyama chanjo.
Naidondosha njiani mwao, kipande hapa, kipande pale,
nasubiri kuona macho yakiinama kula.
Zeyneba, mke wangu, aliniuliza mara moja tu:
"Na wanao, mara ya mwisho walikula nyama lini?"
Nikajibu: Idi.
Hakuongeza neno. Alinifungia ile nyama kwenye kitambaa
isigande.

Leo alfajiri tumesimama juu ya mwamba,
yeye na ndoo, mimi na daftari la daktari.
Wanne. Halafu watoto wawili, weusi bado,
wakinyonya kwa jike ambaye si mama yao.
Sita.
Kisha nyuma ya jibara, lile linalosimama kama mtu,
kitu kimetikisika.
Huenda ni upepo.
Wino umeganda, naupumulia kalamuni,
natazama, natazama,
na Zeyneba, ambaye sikumuuliza,
anainua ndoo yake na kuanza kushuka.
"Andika saba," anasema.